Mngurumo wa Gari la Baba

Juzi nilimwona fundi ameinamia gurudumu, akilizungusha polepole kwa mkono na kulisikiliza, nikamkumbuka mama.

Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa amenunua gari kuukuu, na kesho yake tulipaswa kwenda Kasenga kwenye ndoa ya shangazi. Lakini lilinguruma. Mimi niliamini limemeza simba, na nilikuwa nimeshapanga tutakimbilia wapi akitoka. Wanaume wa mtaa walisema injini imeharibika, hakuna safari.

“Baba Maria, tuzunguke kiwanja mara moja,” mama alisema.

Tulizunguka katika vumbi na harufu ya petroli. Tulipokata kushoto, mngurumo ulipanda. Tulipokata kuume, ulififia.

“Iko mupira ya kuume,” mama akasema. “Mi nikibeba beseni ya samaki, nikageuka kushoto, uzito yote inaenda mu muguu ya kuume.”

Jirani yetu alicheka. “Mama Maria, motokari haina miguu!”

Baba aliliinua gari kwa jeki, akazungusha gurudumu la kuume. Lilikwaruza kama changarawe. Ndani, gololi za chuma zilikuwa zimelika. Jirani akaenda kumletea baba spana.

Jioni waliweka gololi mpya. Asubuhi tuliondoka, gari kimya kabisa, mama ameketi mbele, akiwapungia mkono wanaume wote wa mtaa, mmoja mmoja.