Sinia la Matunda Nililotengeneza Mlango Umefungwa

Aibu hii ni yangu na nitaisema mwenyewe, maana mkiisikia kwa Mama Hadija, jirani yangu hapa Ngamiani, atawapa na mengine ambayo hayakutokea, na yaliyotokea yananitosha.

Nina mjukuu, jina lake Nuru. Nimemlea tangu mama yake alipofariki, nimemwosha, nimemsuka, nimemchapa, na hata alipoolewa kila Ijumaa alikuwa anakuja kula kwangu. Mumewe ni kijana wa Ushongo, na mama wa huyo kijana anaitwa Bi Salma, mwanamke mpole, anasema kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa chumba cha pili. Sikuwa na neno naye. Neno lilianza Nuru alipojifungua. Kwetu mzazi wa mtoto wa kwanza hurudi kwao kukaa arobaini yake, ndiyo ada, na mimi nilishapaka chumba chokaa na kuweka tayari vyungu vya maji ya kukanda. Yeye akaenda kukaa arobaini Ushongo kwa mama mkwe, eti kule kuna upepo. Upepo. Utadhani sisi huku Tanga tunavuta moshi.

Arobaini ikaisha, akarudi kwake mjini, na Ijumaa ya kwanza hakuja, na ya pili hakuja. Alipokuja, akakaa mkekani kwangu na maneno yakawa yale yale, mama Ushongo hivi, mama Ushongo vile, na zaidi ya yote hayo matunda.

"Bibi, mama anakata embe na nanasi na tikiti, anatia chumvi, pilipili ya unga na ndimu, halafu anamwagia korosho na nazi ya kukuna juu. Hawashi hata jiko. Joto hili, ukila unajiona umeoga."

Nikamwambia chakula kisichoona moto ni cha popo.

"Basi popo wa Ushongo wanafaidi," akasema, akacheka.

Nikacheka naye, lakini ndani nilikuwa naungua. Nikaona dawa ni moja: nitaita wanawake wa mtaa waje kumwona mtoto, Alhamisi baada ya alasiri, nitamwalika na Bi Salma, na hilo sinia lake nitalitengeneza mimi, lizidi lake, Nuru ale mbele ya watu aseme la bibi ndilo, na Ijumaa zangu zirudi. Sikutaka kingine.

Ila mimi nionekane namwiga Bi Salma, sikubali. Kwa hiyo nilifunga mlango wa jiko, nikafunga na dirisha, nikamwambia Nuru akae nje na mtoto wake. (Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, mlango tu.) Jiko langu likifungwa ni giza, na miwani niliiacha kitandani. Nikajisemea, yule anatumia chumvi ya paketi, mimi nitatwanga ya mawe kama tulivyofundishwa. Sasa kwenye rafu nina makopo mawili ya maziwa ya unga, yanafanana, moja la chumvi ya mawe na jingine la shabu, ile ninayotulizia tope la maji ya kisima (nasema tena, maji ya kisima). Huwa nayajua kwa mahali yanapokaa. Lakini asubuhi ile niliyasogeza mwenyewe ili nifiche nanasi lisionekane. Nikapapasa, nikashika mawe mawe, nikatwanga mpaka unga laini.

Kuonja sikuonja, kwa sababu Alhamisi nafunga sunna. Mpishi aliyefunga anaruhusiwa kugusisha kwenye ulimi akatema, hilo tunalijua sote na sote tunalifanya, lakini siku ile nilijiona, nikasema mkono wangu hauhitaji ulimi.

Sinia lilipendeza, hilo siwadanganyi. Embe dodo njano, tikiti jekundu, pilipili imenyunyizwa, korosho juu. Nikalitoa, nikasimama katikati yao bila kuombwa, nikasema, "Haya, karibuni. Wengine hufanya haya kwa chumvi ya dukani. Mimi nimetwanga." Na nikamtazama Bi Salma.

Mama Hadija alitangulia, mkono wake siku zote hutangulia. Akatafuna. Jicho moja likajifumba.

"Bi Mwanahawa, umetia mabibo?"

"Mabibo ya nini?"

"Mbona lina ukakasi?"

Nikageuka, kila mdomo umejikunja kama mfuko uliovutwa kamba. Bi Tatu, ambaye ndiye mwimbishaji wetu, alikuwa ndiyo anaanza kumwimbia mtoto, akafungua kinywa ukatoka mluzi.

Hapo ningenyamaza ningepona. Badala yake nikasema, "Mwulizeni Bi Salma, ndiyo mambo yao ya Ushongo, mimi nimefuata tu." Yaani kwa pumzi moja nimekiri kuiga na nimemsingizia mgeni. Watu wote wakamtazama. Yeye akachukua kipande kingine, akatafuna, akameza, machozi yanamlenga, akasema taratibu, "Lina ladha yake, mama. Labda embe halijaiva."

Nuru akampa mtu mtoto, akaingia jikoni. Nikasikia dirisha linafunguliwa. Akarudi na kinu mkono huu na kopo mkono huu, akaweka kinu chini, akachovya kidole, akalamba, akakunja uso.

"Bibi. Hii shabu."

Wanawake wa pwani wanajua bi harusi hupelekewa shabu kwa kazi gani, na asiyejua aitazame midomo ile ilivyojikunja, mimi simwelezi.

"Shabu kwa mjane," akasema Mama Hadija. "Kumbe unatarajia posa na hutuambii."

"Ni ya maji ya kisima," nikasema.

"Hata mimi yangu ni ya maji," akasema Bi Tatu na mdomo wake umekunjana vile vile, basi wakaangukiana kwa kicheko, mmoja akalala kabisa mkekani, na Nuru, mtoto niliyemlea, alicheka akashika ukuta.

Bi Salma hakucheka. Aliomba kisu na maembe yaliyobaki, akakaa kizingitini pa jiko, mlango wazi, akaanza kumenya. Ilipoadhiniwa magharibi Nuru akaniletea tende, maji, na sahani ya hayo matunda. Nikala. Ningependa kuwaambia hayakuwa na maana, lakini yalikuwa matamu. Embe linatangulia, chumvi inafuata, pilipili inakuja nyuma yake, na korosho inavunjika menoni. Nikamaliza sahani nimeupa ukuta uso.

"Yamekaa sawa, mama?" akauliza Bi Salma.

"Pilipili imezidi kidogo," nikasema. Haikuzidi.

Tangu hapo nimeapa sifungi tena mlango wa jiko mchana, na simpi mtu kitu ambacho sijakionja, hata niwe nimefunga, nitatema. Wivu sikuuapia, siapi nisichokiweza. Kopo la shabu liko uvunguni.

Na Nuru anakuja, kila Ijumaa. Anavua viatu, ananiamkia, ananipakatisha mtoto, halafu anatoa mkobani pakiti ya chumvi, anaiweka mkekani mbele yangu.