Jozi Nne Uwanjani Uriri

Siku zile kwetu Uriri, betri za redio zilianikwa juani pamoja na omena, wale dagaa wa ziwani. Wa rika langu mnajua ninachosema. Betri ikichoka haikutupwa. Iling'atwa kidogo kwa meno, ikawekwa juu ya mabati mpaka alasiri, na redio ikaimba tena, japo kwa sauti ya mtu aliyetoka kuugua. Vijana wa leo simu ikikaribia kuzima utadhani wamefiwa.

Kwa betri za namna hiyo ndivyo tulivyoanza dansi ya mraba. Aliyeileta ni Mwalimu Perpetua, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya mto, aliyehamishiwa shule yetu nilipokuwa darasa la sita. Alikuwa amejifunza dansi hiyo chuoni. Alichora mraba kwa jivu uwanjani, akatusimamisha jozi nne, mvulana na msichana kila upande, sote tukitazama katikati. Kaseti ikaanza kuimba, yeye akawa anaita, na sisi tunafanya alichoita.

"Inama kwa mwenzako! Shika mkono! Zungusha! Rudi nyumbani!"

Nyumbani ni pale ulipoanzia. Sisi Wajaluo tulipokuwa tukirudia maneno yake tulisema "sika mkono", na Chacha, Mkuria pekee kati yetu, akacheka mpaka akaketi chini. Chacha ndiye niliyepangwa naye. Baba yake alikuwa amehamia karibu nasi na ng'ombe wake, na nyumbani tulikuwa tumekanywa tusizoeane sana, kwa sababu ya ugomvi wa mifugo wa watu wazima. Siku ya kwanza alinishika kwa kidole kimoja tu, kama mtu anayegusa sufuria kuona kama ni moto. Baada ya wiki chache tulikuwa tunazungushana mpaka vumbi linatuficha.

Mwaka huo ndipo baba alipofariki. Mama alilima kama kawaida, akapika, akatupaka mafuta miguuni kabla ya shule, ila kicheko chake kilipotea. Siku nyingine alisahau chumvi kwenye nyoyo, yale mahindi na maharagwe tuliyoyapenda, nasi tukala kimya tusimuumize. Dani, yaani nyanya yangu aliyemzaa baba, tuliishi naye boma moja. Naye hakuwa na maneno mengi tena.

Ikafika siku ya wazazi. Asubuhi hiyo msichana mmoja wa kundi letu akashikwa na malaria, na mraba ukabaki na pengo. Mwalimu Perpetua akawatazama akina mama waliokuwa wameketi kwenye nyasi. Kila mmoja akainamia leso yake. Akamwendea mama yangu, aliyeitwa Nyar Magunga kwa sababu alizaliwa Magunga.

"Nyar Magunga, njoo utusaidie."

Mama akatikisa kichwa. Dani tayari alikuwa amemshika kiwiko. "Mjane acheze mbele za watu? Hata kaburi la mwanangu halijaota nyasi!"

Mama akanitazama pale nilipokuwa nimesimama, na mimi sikujua kama nataka aje au abaki. Halafu akavua patipati zake, akaziweka pamoja vizuri. "Mama," akamwambia dani kwa upole, "ni watoto ndio wananiita."

Akaingia. Mwenzake alikuwa kijana wa darasa la tano aliyemfikia kiwikoni. Kaseti ikalia, Mwalimu akaita, sote tukaenda kulia, mama akaenda kushoto. Akamgonga Chacha, akaomba msamaha, akageuka, akanigonga mimi.

"Nyar Magunga, rudi nyumbani!" Mwalimu akapaza sauti.

"Kwani nyumbani ni wapi?" mama akauliza kwa dhati kabisa, huku akizunguka peke yake.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama akaziba mdomo kwa mkono, kisha akauachilia, akacheka. Alicheka akiwa ameinama, ameshika magoti. Machozi yalinitoka huku miguu ikiendelea kucheza.

"Nimekukanyaga?" Chacha akaninong'oneza kwa wasiwasi.

"Hapana. Zungusha tu."

Dani aliondoka kabla hatujamaliza. Njia nzima ya kurudi nyumbani mama alitembea polepole, kama aliyeitwa kwenye kikao cha wazee. Tulimkuta dani mlango wa jikoni, akichambua omena, hakuinua uso.

"Ulienda kushoto," akasema. "Wenzako wote walikuwa wameenda kulia."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu naye hakujua kucheza kabisa." Akajifunika macho kwa leso. Mama akachuchumaa kando yake, na pale jikoni wakalia pamoja, mpaka nikasikia kilio kimegeuka kitu kingine, wakikumbushana jinsi baba alivyowakanyaga watu siku ya harusi yake.

Jumapili iliyofuata akina mama wenyewe walimwomba Mwalimu awafunze. Mama yake Chacha alikuja na wenzake wawili wa Kikuria. Majirani Wasabato walisimama kando kwa heshima zao, hawakucheza, lakini vidole vya miguu vilikuwa na kazi ndani ya viatu. Dani aliletewa kiti, akakemea kila aliyegeuka vibaya.

Sasa ninaishi mjini Homa Bay. Binti yangu hucheza sebuleni mbele ya simu, peke yake, na mikono yake ni myepesi kuliko yetu sote. Anatazamwa na watu wengi asiowajua. Juzi nilisogeza meza, nikamwonyesha tulivyosimama. Akahesabu pande nne, akaniuliza, "Mama, na hawa wengine wako wapi?"

Nikamwambia wengine wamelala Uriri, na wengine walivuka mpaka kutafuta maisha. Akaweka simu kwenye kochi, akaninyooshea mkono.

"Basi wewe ita. Tuanze wawili."

Zamani ungetoka tu mlangoni ukapaza sauti, na watu wangekuja wakijipangusa unga mikononi. Hapa mtaani, mwaka wa nne huu, sijui hata jina la mama wa mlango wa pili. Tulipomaliza kuzungushana nilikuwa nahema. Nikajifunga leso vizuri, nikaenda kumbishia hodi.