Mkalimani wa Mchezo wa Magauni

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, niliyowachekesha wanawake kumi na wawili mpaka mmoja akamwaga chai kwenye mkeka wa watu, na asubuhi yake nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Kaa hapa nikusimulie. Na hiyo simu iweke chini kidogo. Nimekusikia tangu asubuhi ukimwambia mwenzio mchezo huu mbovu, ule ndio wenyewe, yule hajui kulia, huyu kavaa vibaya. Wala sikugombezi! Mimi nilikuwa hivyo hivyo, tena nilikuzidi, maana wewe unasema na mtu mmoja na mimi nilikuwa na ua mzima unanisikiliza.

Hiyo ni Malindi, mtaa wetu wa Shela, miaka ya themanini mwanzoni. Televisheni mtaani ilikuwa moja, ya Mama Nilesh, mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, ina miguu minne, na antena yake imefungwa kwenye mti mrefu juu ya paa. Upepo ukivuma picha inajaa chenga, anapandishwa mtu juu kuuzungusha ule mti huku sisi chini tunapiga kelele, "Hapo hapo! La, umepitiliza, rudi!" Kila Alhamisi jioni Mama Nilesh aliisogeza mpaka mlangoni, akaigeuza itazame uani, nasi wanawake tukaja na mikeka yetu. Huyu kaleta bajia, yule viazi vya karai, mwingine kaimati. Mama Nilesh hali nyama, basi kitu chenye nyama hakikuingia ua ule, na hakuna aliyengoja kuambiwa mara mbili.

Michezo ilikuwa miwili. Wa kwanza wa Kiswahili, wa kuchekesha: mwenye nyumba mbahili, na mpangaji wake anayejificha kabatini kila akisikia hodi. Lo! Yule mpangaji hata asiseme neno, afungue tu kabati kidogo achungulie kwa jicho moja, mimi hoi. Mpaka leo nashikilia kwamba kumchekesha mtu huku umenyamaza ni kazi kubwa kuliko kumchekesha kwa makelele, na hawa wenu wa siku hizi wanapiga makelele mno. Lakini hayo ni maoni yangu tu, tusije tukagombana bure.

Wa pili ulikuwa wa Kizungu, wa enzi za kale. Sisi tuliuita mchezo wa magauni. Magauni yanafagia sakafu, kofia pana kama sinia, na watu wanakunywa chai nusu saa nzima pasipo mtu kukasirika. Kulikuwa na mjane mwenye jumba la madirisha mengi, na mfanyabiashara wa sufu anayetaka kumwoa. Basi. Wiki baada ya wiki, ni hilo tu. Mimi nilikuwa nauona unachosha, nikawa nausubiri uishe nirudi nyumbani kumwiga mpangaji wa kabatini.

Sasa tatizo ni hili. Nilikuwa kidato cha tatu, na pale uani Kiingereza nilikuwa nacho mimi peke yangu, ukimtoa Mama Nilesh, naye saa ile huwa jikoni. Watu wakawa wananiuliza, "Saumu, wanasema nini?" Wiki ya kwanza nilitafsiri vizuri kabisa. Wiki ya pili nikachoka. Wiki ya tatu nikaanza kutia chumvi, watu wakacheka, na mwanangu, kuuchekesha ua mzima kunalevya! Wiki ya nne sikuwa hata nasikiliza tena walichosema Wazungu wa watu. Natunga tu. Wanawake wakawa wanasema mchezo wa magauni ndio wa kuchekesha kuliko ule mwingine, na mimi kichwa kinavimba.

Mmoja tu hakuwa akicheka. Bi Kibibi, fundi wa kushona, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Ndiye aliyenifundisha kupinda leso. Alifiwa na mumewe, eda yake ikaisha, ikapita miaka miwili, akabaki katika nyumba ya mawe aliyoachiwa, na cherehani yake katika chumba cha mbele kinachotazama njia. Alikaa pembeni ya mkeka, macho hayabanduki kwenye mchezo ule. Nilidhani anatazama mishono. Sikujua, na hakuna aliyeniambia, kwamba alikuwa ameletewa posa na Bwana Omari, seremala wa Ngomeni, mgane, na kwamba jambo moja tu lilikuwa linamnyima usingizi: huyu bwana ananitaka mimi, au anaitaka nyumba?

Alhamisi yenyewe ikafika. Yule mfanyabiashara wa sufu akapiga magoti mbele ya mjane, kofia mkononi, machozi yanamtoka. Maneno yake niliyasikia vizuri sana siku hiyo. Alisema, "Sikuja kwa ajili ya nyumba yako. Kila jambo la nyumba hii nitakuuliza kabla sijaligusa." Mimi nikaona huku ni kulia mno kwa mwanamume mzima. Nikajaza mashavu, nikatoa sauti ya puani, nikasema, "Anasema, ewe mpenzi, machozi haya naulilia huo mjengo wako! Madirisha yote haya, atayafuta nani? Nikubali leo, kesho tuyauze!"

Wee! Watu walianguka. Mama Fatuma chai ikamtoka mkononi. Wengine wakajifunika leso usoni mabega yakiwatetemeka. Na katikati ya kicheko kile Bi Kibibi akaniuliza, taratibu tu, "Saumu, kweli kasema hivyo?"

Nikajibu, "Wallahi, Bi Kibibi. Hivyo hivyo."

Niliapa, mwanangu. Niliapa kwa ajili ya kichekesho. Bi Kibibi akakunja mkeka wake, akasema ana gauni la mtu la kumaliza, akaondoka kabla mchezo haujaisha. Nami nikaona sawa tu, kazi ni kazi.

Asubuhi yake, Ijumaa, shule zimefungwa, mama akanituma uzi dukani. Mama Nilesh alikuwa mwenyewe nyuma ya meza. Alizaliwa Malindi hapo hapo, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Akaniambia, "Saumu, jana nilikuwa nakaanga, nikasikia kwenye televisheni mwanamume analia na nyinyi mnacheka. Uliwaambia nini?"

Nikamwigizia, na mashavu, na sauti ya puani. Hakucheka. Akaweka chini kitambaa alichokuwa akikipima.

"Bi Kibibi amepita hapa sasa hivi," akasema. "Kaka yake anakwenda Ngomeni kurudisha posa. Kaniambia mwanamume akimtaka mjane mwenye nyumba basi anaitaka nyumba, na kumbe hata Wazungu ni hivyo hivyo. Nikashangaa kalitoa wapi neno hilo. Kumbe ni kwako. Wenzako walikukabidhi masikio yao, wewe ukayachezea."

Uzi sikuuchukua. Nilitoka mbio mpaka kwa Bi Kibibi, nikamkuta anashona. "Shikamoo." "Marhaba." Nikasimama mlangoni pumzi zikinipanda, nikasema yote kwa mkupuo: kwamba niliongopa, kwamba yule bwana hakusema vile, kwamba kiapo changu kilikuwa cha uongo. Nilikuwa nalia mpaka nashindwa kuona sindano.

Mguu wake ukasimama kwenye pedali. Akanitazama kwa muda mrefu, na heri angenichapa.

"Alisema nini hasa? Neno kwa neno."

Nikamwambia. Akaukata uzi kwa meno, kisha akasema, "Sikiliza, Saumu. Wewe u mwari. Siku utakayoposwa ukinyamaza watu watasema umekubali. Mimi mjane hujisemea mwenyewe, kwa kinywa changu, na wazee wasikie. Nikishasema hapana, watu wa Ngomeni hawarudi tena kuniuliza. Na hapana yangu imeshapanda gari na kaka Athumani." Halafu akasimama, sauti ikambadilika. "Kimbia! Mwambie jibu bado. Mwambie nataka kumwuliza Omari mwenyewe. Nenda, mbona umesimama?"

Nilikimbia mwanangu, hujapata kuona. Ndara moja ikakatika karibu na marikiti, nikaiacha hapo hapo na nyingine nikaitupa mbele kidogo. Nikapita katikati ya wauza ndizi, nikaruka kapu la mtu, nikatukanwa na sikujali. Kufika steji, pikapu ya Ngomeni ndiyo inaanza kuondoka, na kaka Athumani kakaa mbele na kanzu yake nyeupe. Basi msichana wa Shela, siku ya Ijumaa, mita chache na msikiti, miguu mitupu, nikatia mayowe kwa sauti niliyokuwa nayo yote: "Mjomba Athumani! Jibu bado! Bi Kibibi anasema jibu bado!"

Pikapu ikasimama. Steji nzima ikajua kuna posa. Mjomba Athumani akateremka uso umemwiva, akaniuliza kama nina wazimu, nami nikamwambia ninao, lakini tafadhali usiende. Akacheka kwa kutopenda, akarudi nami nyumbani. Furaha niliyokuwa nayo barabarani ile, peku, nyayo zinaniwaka, sijawahi kuisahau.

Siku chache baadaye Bwana Omari alikuja mwenyewe na wazee wawili. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma na sinia la kahawa na haluwa, na kama kuna mtu aliwahi kutega sikio, basi ni mimi siku ile. Bi Kibibi akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Na nyumba hii?" Bwana Omari akajibu bila kutafuta maneno, "Nyumba ni yako. Mimi ninayo yangu Ngomeni. Ukitaka kubaki hapa na cherehani yako, nitahamia mimi." Bi Kibibi akasema, "Nimekubali," na wazee wakasikia. Nusura niliangushe lile sinia.

Sasa subiri, hujasikia.

Alhamisi iliyofuata ulikuwa mwisho wa mchezo wa magauni. Ua ulijaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi. Yule mjane kaolewa, kengele zinalia, maua tele. Kisha kasafiri kwenda kumwona dada yake, na mume kabaki nyumbani, na akaja mtu mwenye makaratasi, na yule bwana wa sufu akatia sahihi. Ameiuza nyumba! Machozi yote yale, magoti yote yale, kumbe mwongo mkubwa! Yaani mzaha wangu wa ovyo ulikuwa umepatia.

Bi Kibibi alikuwa mbele yangu, arusi yake imebaki wiki tatu. Akageuka. "Saumu, wanasema nini?"

Mwanangu, nilitaka kudanganya kuliko siku zote. Safari hii si kwa kuchekesha, ni kwa huruma. Ningesema anaipaka rangi nyumba, nani angejua? Nikainua macho, nikamwona Mama Nilesh mlangoni pa jiko na mwiko mkononi, ananitazama tu.

Nikasema, "Ameiuza nyumba, Bi Kibibi. Alimdanganya tangu mwanzo."

Mama Fatuma akanikanyaga mguu. Bi Kibibi akauliza, "Ameiuza kweli?" Nikasema, "Ameiuza." Naye akaangua kicheko! Mara ya kwanza kumsikia akicheka pale, kicheko kikubwa cha kujishika mbavu.

"Masikini bibi wa watu," akasema, "alimsikiliza wakiwa wawili peke yao. Mimi wangu nimemwuliza mbele ya wazee! Haya, endelea, mwanangu. Leo ndiyo kwanza nauona mchezo huu."

Nikaendelea, neno kwa neno, mpaka mwisho, na nakwambia ulikuwa mchezo mzuri sana, sikuwahi kuujua. Zile chai za nusu saa zote zilikuwa na maana yake. Bwana Omari alihamia Shela, wakaishi vizuri mpaka Mungu alipomchukua mmoja, na gauni langu la arusi alinishonea Bi Kibibi, mikono yake imeshonwa kama ya gauni la yule mjane wa Kizungu.

Basi nasaha yangu ni hii. Maoni yako kuhusu michezo yapeleke mbele, wala usimwogope mtu. Sema huu umeboronga, ule umepatia, cheka, sonya. Lakini mtu asiyeona unachokiona, asiyejua lugha unayoijua, akikuuliza wamesema nini, mpe kwanza walichosema, chote, kitamu na kichungu. Ukimaliza ndipo umwambie, sasa haya ni yangu mimi. Usiyachanganye, maana hujui mwenzio ana nini moyoni anapokuuliza. Na ukishakosea, usikae ukilia mlangoni. Nenda ukaseme, tena mbio.

Mungu akujalie ulimi wa kuwafurahisha watu bila kuwapoteza, na siku ukiteleza akupe miguu ya kuiwahi pikapu. Amina. Haya, chukua simu yako, usogee karibu, unifungulie ule wa wafalme wa Kikorea. Macho yangu siku hizi hayayaoni maandishi ya chini, na huyu malkia analia. Niambie, wanasema nini?