Frigo la Baba Yasmine

Ngongo Ramazani alikuwa mtu wa kuchosha. Nasema hivyo, na nilimpenda. Ukimkaribisha chai, kwanza atainama kutazama kama meza yako imelala sawa. Ukimpa kiti, atakitikisa. Alizaliwa Kindu, Kongo, kama mimi, akajifunza ufundi wa frigo, yaani majokofu, Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Fujo za Machi mwaka tisini na tano zilipotufukuza huko, yeye alibeba bisibisi tatu na koleo, mimi nikabeba godoro. Tulipofika Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, godoro langu lilikuwa limeoza kwa mvua, bisibisi zake zilikuwa nzima. Basi ujue nani kati yetu alikuwa na akili.

Mimi ni Hamissi. Nyumba zetu zilitazamana, hatua kumi hivi. Aliniita mdogo wangu, nami nikamwita yaya, yaani kaka mkubwa kwa lugha ya kwetu, ingawa hatukutoka tumbo moja.

Alikuwa na mke, Zaituni, na binti mmoja, Yasmine, wa miaka kumi na minne. Yasmine alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule unaowashika wangali wadogo. Sindano alfajiri, sindano jioni, akijichoma mwenyewe pajani huku akinitania kwamba mimi mtu mzima nafumba macho. Dawa walipewa hospitali kubwa ya Lilongwe, chupa za miezi miwili kwa safari moja. Dawa ile haipendi joto, na Oktoba ya Dzaleka, chini ya paa la plastiki, hata sabuni ililainika kwenye sahani. Zaituni alikuwa akizifunga chupa kwa kitambaa kibichi na kuziombea dua.

Ndipo Ngongo akapata frigo. Mwenye nyumba mmoja wa Nsungwi, mtaa wa Lilongwe, alikuwa ameingiziwa umeme, akamlipa ufundi wake kwa frigo kuukuu la mafuta ya taa. Chini lina tangi na utambi, moto mdogo unawaka, na moto huohuo ndio unaoleta baridi. Usiniulize vipi. Ngongo alinieleza mara sita, na mara sita niliitikia kwa kichwa.

Alilileta kwa matola, zile pikapu zinazobeba watu na magunia pamoja, na njia nzima alisimama amelikumbatia lisilale. Abiria mmoja akamuuliza kama huyo ni bibi harusi. Ngongo akajibu kwamba bibi harusi angejua kusimama mwenyewe. Mlango wa nyumba ulikuwa mfupi kuliko frigo. Mtu mwingine angeliinamisha tu. Yeye alibomoa safu tatu za matofali juu ya mlango, akaliingiza limesimama wima, kisha akayarudisha matofali kwa udongo. Nikamcheka mpaka nikakohoa.

Halafu hakuliwasha. Alisema limetikiswa njiani, vilivyomo ndani lazima vitulie siku nzima. Aliweka sahani ya maji juu yake, akawa anasukuma vipande vya bati chini ya miguu mpaka maji yakasimama sawa pande zote. Aliliacha shubiri moja kutoka ukutani, akatoboa dirisha nyuma yake ili moshi utoke, na akakataza mtu yeyote kulala chumba kile, kwa kuwa moto wa mafuta hula hewa. Alikata utambi kwa wembe, ukawaka buluu. Ukiwa wa manjano, alisema, unatoa masizi. Mafuta yalijazwa tangi likiwa nje, moto umezimwa. Kila Ijumaa alilipangusa kwa maji ya vuguvugu na magadi, kisha akafungia kipande cha karatasi mlangoni na kukivuta, aone kama mpira bado unabana. Zaituni alilifunika kwa kitambaa chake cha maua, Ngongo akakitoa. Zaituni akakirudisha, Ngongo akakitoa. Sufuria ya moto ya sombe, yale majani ya muhogo, haikuruhusiwa hata kulikaribia. Chupa za dawa zilikaa katika kopo, rafu ya katikati, mbali na pale juu panapogandisha.

Wiki tatu dawa ilikuwa baridi, na Zaituni akaanza kulala usingizi wa kweli.

Kisha Ngongo akaitwa tena Nsungwi, kazi ya siku mbili. Aliniita mbele ya frigo.

"Mdogo wangu, we uangalie moto tu, asubui na mangaribi. Kama baridi inapunguka, uiache vile. Dawa inaweza kuvumilia joto siku mbili, tatu. Lakini ikiganda mara moja, ndiyo imekufa. Hata ukiona maji yake iko safi, imekufa."

"Nimesikia, yaya."

Nilisikia kweli. Hilo sitalikana.

Siku ya pili wakafika wageni kutoka Kindu, wakiwa na habari kwamba mama mzazi wa Zaituni amefariki. Zaituni alianguka pale pale alipokuwa akichambua maharage. Na sisi watu wa Kindu, kilio kikiingia, nyumba inatolewa vitu vyote. Kitanda, meza, masanduku, vyote nje, ili waombolezaji wakae chini kwenye mikeka. Nyumba ya msiba yenye vyombo ndani ni aibu inayosemwa miaka. Tukatuma mtu kwa minibasi amwite Ngongo, lakini Nsungwi akaambiwa fundi amepelekwa Nathenje kwa mwenye bucha.

Tulitoa kila kitu. Likabaki frigo. Niliwaambia hili liachwe. Furaha, aliyewaongoza wanawake wa kilio, akanigeukia mikono kiunoni.

"Hamissi! Batu ya kilio iko njiani, na we unachunga sanduku?"

Wanaume wanne walikuwa wameshalishika. Ningeweza kubomoa zile safu tatu za matofali. Nilitazama watu wakinitazama, nikaona haya. Nikazima moto, nikamkabidhi Yasmine lile kopo, tukalilaza frigo ubavuni, tukalipitisha mlangoni kama mgonjwa. Lililala hivyo chini ya ukuta siku tatu, na watoto wakalikalia.

Msiba ulipoanuliwa nililirudisha mahali pake, nikaliwasha saa ileile, nikarudisha na kopo. Halikupata baridi. Asubuhi hakuna, mchana hakuna. Ngongo alikuwa ametuma neno kwamba atafika kesho yake, na nilijua atafungua mlango na kuujua upumbavu wangu wote. Sikuogopa kwa ajili ya dawa, wacha niseme ukweli. Niliogopa aibu. Jioni nikapandisha utambi mpaka mwisho.

Alfajiri nilipofungua, rafu zilikuwa na ukoko wa barafu. Chupa zote nne ndani ya kopo zilikuwa zimeganda.

Nilizishika mkononi moja moja mpaka zikayeyuka. Maji yake yalikuwa safi kama jana. Nikajiambia imeganda kidogo tu, na daktari gani atajua. Nikazipangusa, nikazirudisha, nikashusha moto ukawa buluu. Yasmine akaingia na sindano yake, akanisalimia, akachukua chupa.

Ngongo alifika saa nne. Alimpa mkewe pole, akamwombea mama mkwe, kisha akaja kwenye frigo. Alichomoa tangi lenye utambi, akapitisha kidole ndani ya bomba la moshi. Kidole kikatoka cheusi.

"Mdogo wangu, moto ulipanda?"

"Hapana, yaya. Ni upepo tu."

"Iliguswa?"

"Tuliitoa inje kwa ajili ya kilio. Ilikuwa imesimama, tulibomoa matofali kama wewe."

"Dawa haikuganda?"

"Haikuganda."

Alikitazama kidole chake, kisha akakifuta kwenye suruali. "Sawa," akasema.

Siku iliyofuata Yasmine alikunywa maji mtungi mzima. Zaituni akasema ni huzuni ya bibi yake. Yasmine mwenyewe akaongeza dawa kidogo, kama alivyofundishwa, lakini kiu haikukatika. Nilimwona akienda chooni na kurudi, akienda na kurudi, akishika ukuta. Siku ya tatu alikuwa akitapika, na pumzi yake ilinukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hatua kumi, nimesema. Mara nne nilitoka nyumbani kwangu kwenda kusema. Mara nne nikafika mlangoni nikauliza, "Mutoto iko aje?" nikarudi. Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mtoto wa mwenzangu.

Matola ya siku ya nne ilitupeleka Lilongwe, Yasmine kichwa chake mapajani mwa baba yake. Daktari akauliza dawa iliwekwa wapi. "Kwa frigo yangu, docteur," Ngongo akajibu, na alijibu kwa fahari, maskini. Wakampa dawa mpya, wakamtundikia maji. Alasiri ya siku ya pili pale hospitali akafa, bila kutuaga.

Makaburini Ngongo alisimama mbele ya watu akasema yeye ndiye aliyekosea, labda frigo halikulala sawa, labda alipima vibaya. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kumgusa. Nikamwambia ni mapenzi ya Mungu.

Baada ya hapo hakushika tena bisibisi. Yule mwenye bucha wa Nathenje alikuja mwenyewe mpaka Dzaleka kumwita, akajibiwa atafute fundi. Frigo alimpa Thacienne, Mrundi wa jirani, akamfundisha kila kitu kwa uvumilivu, sahani ya maji, utambi, dirisha, kisha hakwenda kulitazama tena. Akawa analima vibarua kwenye mashamba ya tumbaku upande wa Dowa, fundi yule, akirudi na udongo masikioni.

Siku ya arobaini, dua ilipokwisha na watu wakatawanyika, sikuweza tena. Nikakaa chini mbele yake nikasema yote. Kulilaza, kupandisha moto, barafu, chupa nne. Nilisema huku nalia, nikitaka anipige.

Hakunipiga. Alikuwa akikunja mkeka, akaendelea kuukunja.

"Nilijua," akasema. "Ile masizi haikuwa ya upepo. Nikawa na mambo mbili mbele yangu, kidole changu na kinywa chako. Siku ile minibasi ya Lilongwe ilikuwa bado haijapita. Ningeenda kuomba chupa mupya. Nikasema hapana, mdogo wangu hawezi kunidanganya juu ya mutoto."

Akaufunga mkeka kwa kamba.

"Uende kwako, Hamissi."

Bado tunatazamana, hatua kumi. Kila asubuhi namsalimia, na kila asubuhi anaitikia vizuri, kama inavyompasa Mwislamu. Lakini tangu siku ile hajaniuliza kitu chochote, hata saa.