Simu ya Upepo Juu ya Uchaga wa Mama

Ndugu yangu Kimaiyo alimaliza miaka yake jeshini akipima vitu: redio, mahema, buti, hata mikebe ya nyama. Wakubwa walikuwa hawanunui kitu kabla yeye hajakibeba msituni. Watu wa Kuresoi husema alipata kazi hiyo kwa akili. Mimi, Chelagat, dada yake, nasema aliipata kwa moshi wa jikoni mwetu, na nilikuwepo.

Agosti 1957 alikuwa askari wa mawasiliano katika kambi ya Lanet, ana utepe mmoja mkononi na maringo ya tepe tatu. Kamati ya maofisa kutoka Nairobi ilitaka kuchagua simu ya upepo ya kubebwa mgongoni. Ile ya zamani ilikuwa nzito kama gunia la viazi. Mpya ilikuwa nyepesi, rangi ya majani, na wazungu walishaipenda hata kabla ya kuijaribu. Kimaiyo akapewa moja azunguke nayo msitu wa Mau wiki tatu. Kila asubuhi aliita gari la mawasiliano lililoegeshwa Elburgon, kisha akajaza fomu: imesikika, au haikusikika.

Siku ya nne mchana ukungu uliingia ndani ya kile kisanduku, kikawa bubu. Kikosi chake kilikuwa kimepiga kambi karibu na kwetu, kwa hiyo jioni alikileta kwa mama. Mama hakuuliza ni nini. Alikipandisha kwenye uchaga, pale juu ya meko tunapokaushia kuni na mahindi ya mbegu, akasema, "Hapa hata wewe ukilala utakauka." Asubuhi kikaita vizuri kabisa. Tangu siku hiyo kikawa mgeni wetu wa kila siku, na aliyekipangusa masizi ni mimi. Kimaiyo aliandika "imesikika" mpaka fomu ikajaa. Haukuwa uongo. Ilisikika.

Kamati ilifurahi. Meja aliyeisimamia alimwambia kwamba Jumatatu wangeandika barua ya kuagiza mamia, na utepe wa pili ungefuata. Jumamosi Kimaiyo akaja nyumbani akitembea kama bwana harusi. Akipuliza chai, alitaja kwamba Makokha, rafiki yake wa chumba kimoja, ndiye angepewa ya kwanza apande nayo milima ya Nyandarua.

Mama akauliza, "Huko nayo italala wapi?"

Kimaiyo akaweka kikombe chini. Niliogopa, maana jibu nililijua: chini ya turubai, kwenye mvua. Makokha akivamiwa angeita na asisikike na mtu. Nilijua pia yanayompata askari aliyepeleka mali ya jeshi jikoni. Hata ile chai hakuimaliza.

Jumatatu alisimama mbele ya kamati. Haya alinisimulia mwenyewe.

"Afande, hii kitu si mzuri kwa mvua."

"Fomu yako nasema mzuri," Meja akajibu kwa Kiswahili chake cha kambini. "Wewe naandika uongo?"

"Hapana, afande. Ilikuwa inalala kwa jikoni ya mama yangu. Juu ya moto."

Ofisa mmoja akacheka. Meja hakucheka. Aliinua kisanduku, akakinusa pande zote, akakirudisha mezani polepole. Akaamuru kilazwe nje kwenye nyasi hadi Alhamisi. Alhamisi ilipofika kilikuwa bubu.

Utepe wa pili hakuupata, na wa kwanza akavuliwa. Nilikasirika sana, na mpaka leo hasira haijaisha yote. Lakini fomu mpya zilipotoka zilikuwa na swali juu kabisa: chombo kimelala wapi? Miezi miwili baadaye Meja alimwita ajaribu mahema. Alisema anataka mtu ambaye akiulizwa husema, na hata asipoulizwa.

Makokha alipanda Nyandarua na ile redio nzito, akashuka salama. Disemba alikuja kututembelea, akakaa jikoni akisugua mgongo na kumlaani mjinga aliyekataa ile nyepesi.

"Nikimjua huyo mtu," akasema, "nitambebesha ile mzigo mpaka Molo."

Mama akafungua mdomo. Kimaiyo akamkonyeza, kisha akamwongezea rafiki yake chai.