Sauti Hadi Mwisho

Fundi wa redio wa mtaa wa Muyeye haongei sana na wateja. Huongea na spika. Huzifuta kwa ncha ya kikoi chake, huzigonga kwa ukucha mrefu wa kidole gumba, kisha huinamisha sikio kama mtu aliyepiga hodi akangoja kuitikiwa. Akishazifunga, kuzijaribu kwa taarab hataki. "Muziki huficha mkwaruzo, bwana," husema kwa sauti yake ndogo. "Mtu akizungumza, utausikia." Basi hutafuta taarifa ya habari, akafungulia sauti hadi mwisho.

Ndivyo alivyofanya Jumapili ile ya Agosti, mwaka wa themanini na mbili, kwenye pikapu ya Abdulghani, aliyetaka spika kubwa nyuma za kupelekea maharusi Mambrui. Sauti ngeni ikanguruma mtaa mzima: wanajeshi wameipindua serikali, kila mtu akae nyumbani kwake. Abdulghani akageuka kuangalia barabarani. Ilikuwa kana kwamba gari lake ndilo linalotangaza.

"Zima, fundi. Tutafungwa."

Swichi ilikuwa mbele, naye fundi alikuwa nyuma amepiga magoti. Akaziba spika kwa viganja, kama anayemziba mtoto mdomo, na sauti ikazidi kumtetemesha vidole. Mwisho akazivuta nyaya, akazikata kwa meno.

Pakawa kimya. Ndipo Abdulghani alipoisikia sauti ile ile, chini chini, ikitoka kila nyumba, na madirisha yakifungwa moja baada ya jingine.

"Haina mkwaruzo," fundi akanong'ona.