Waliokataa Kupiga Magoti

Binti wa mdogo wangu anasoma historia chuoni Nizwa, hapa Oman. Mwalimu wake alimpa mada ambayo mimi, niliyefundisha Kiingereza katika skuli za Ibra mpaka nikastaafu, nilipoisikia nilicheka peke yangu: ugomvi wa mapadri wa Kianglikana na Waprotestanti waliojitenga nao, huko Uingereza ya zamani. Nikamuuliza binti, huyo mwalimu amekosa cha kukupa, ugomvi wetu sisi wenyewe umekwisha?

"Shangazi, Kiingereza yake ngumu," aliniambia kwenye simu. "Njoo nisaidie, wallahi mimi sifahamu kitu."

Nikaenda. Mtoto huyu akiniita shangazi kwa sauti ile sina ubishi. Likizo yote ya joto, tangu tende zilipokuwa mbichi mtini mpaka zikaiva, nilikuwa natoka Ibra asubuhi, napita Sinaw katikati ya magari yaliyopakia mbuzi wa mnadani, nafika Nizwa kabla ya adhuhuri. Tulikuwa tukikaa sebuleni, yeye na kompyuta yake, mimi na miwani yangu. Baba yake, yaani mdogo wangu, alikuwa akikaa pembeni na simu mkononi, akijifanya hasikilizi.

Lakini nisidanganye mtu. Safari zile zilikuwa na jambo la pili, na hilo jambo la pili ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi.

Mama yetu ni mtu wa Unguja mjini, na kila Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, nyumbani kwake Ibra husomwa maulidi. Alikuja nayo kutoka kwao kama alivyokuja na mapishi yake, na hakuna aliyemwambia ayaache. Marehemu baba, Muibadhi, alikuwa akisali mikono chini, mama, Msuni, akifunga mikono kifuani, nasi tulikua katikati yao bila kuliona hilo kuwa neno. Ugomvi uliingia kwa mlango mwingine. Katika maulidi, msomaji akifika pale panapotajwa kuzaliwa kwa Mtume, watu wote husimama kwa heshima, marashi yakanyunyizwa, udi ukapitishwa. Mdogo wangu, alipopevuka na kusoma vitabu vyake, alishika msimamo kwamba Mtume huheshimiwa kwa kufuatwa, na kwamba kusimama kule hakukuamrishwa na yeyote, basi ni kuongeza katika dini. Mwaka mmoja chumba kizima kilisimama, naye akabaki amekaa. Marehemu mume wangu, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alimwambia mbele ya watu: "Hata Mtume humsimamii?" Mdogo wangu akachukua viatu vyake, akatoka.

Tangu hapo kila Mfungo Sita huleta mchele na samli, hushusha jikoni, humbusu mama kichwani na kuondoka kabla ya wageni. Mama hupokea mchele na kunyamaza. Aliyekuwa hanyamazi ni mimi. Nilimwita mkaidi mpaka neno lenyewe likachakaa.

Mwaka huu mama alilazwa kwa ajili ya moyo, na daktari alituita pembeni akatueleza kwa upole kwamba tusitarajie mengi. Siku aliyorudi nyumbani aliniambia, "Maulidi haya namtaka mwanangu akae ndani. Sitaki tena kumuona mlangoni na gunia la mchele. Kamlete." Hakusema kwa nini mwaka huu, wala hakuhitaji kusema. Nami nikitazama barabara ya Nizwa nilikuwa sijui nitamletaje mtu ambaye hajapata kuinama kwa neno langu hata siku moja.

Basi nilipokuta katika kurasa zile kwamba waliojitenga walikuwa wakigombana na mapadri kwa sababu ya kupiga magoti, nilifurahi. Nikajua nimepata fimbo ya kumchapia mdogo wangu. Kitabu cha sala cha kanisa la mfalme kiliamuru mtu apige magoti anapopokea mkate wa ibada. Hawa wakakataa. Wakasema ukiupigia magoti mkate, atakayekuona atadhani unauabudu. Tena wakalikataa joho jeupe la padri, na pete ya ndoa, na ishara ya msalaba kwenye paji la uso la mtoto anayebatizwa.

"Makubwa haya," nilisema kwa sauti, ili asikie aliyejificha nyuma ya simu. "Watu wazima wanagombana kwa goti. Si wangelipiga tu, wakaenda zao kula?"

Mtoto ndiye aliyesema, "Subiri, shangazi. Soma hapa chini."

Nikasoma hapo chini, na sauti yangu ikaanza kupungua. Serikali ilitaka kila padri akiri hadharani kwamba anakubali kila kilichomo ndani ya kitabu kile. Waliokataa walitolewa makanisani mwao, mamia kwa mamia, na wengi wao walitolewa siku moja. Nyumba walizokuwa wakikaa zilikuwa za kanisa, basi wakatoka na wake zao na watoto wao, na vyombo juu ya mikokoteni. Baadaye ikapitishwa sheria wasikaribie hata miji waliyokuwa wakihubiri. Waliowafuata walisali maghalani na maporini, na wakikamatwa walitiwa ndani. Wako waliofungwa wote, baba na mama, na watoto wao wakaendelea kukutana wenyewe, siku ile ile na mahali pale pale, wakakaa kimya, maana kimya ndiyo ibada waliyofundishwa. Hawakuweza kushika kazi ya serikali wala kusoma vyuo vikubwa, kwa sababu mfalme aliona kwamba asiyemtii padri leo kesho hatamtii na yeye.

Kilichonigusa ni kwamba wengi hawakuwa na ugomvi na kitabu chote. Karibu kila neno lake walilikubali. Waliacha nyumba zao kwa ajili ya kile kidogo kilichobaki, goti moja, joho moja, ishara ya kidole. Nimefundisha Kiingereza umri wangu wote na sikuwa nikiyajua haya. Nilivua miwani nikaifuta, na haikuwa na vumbi. Nilistaajabu, nasema kweli. Wangeliweza kudanganya. Nani angelijua?

"Dada," mdogo wangu aliita kutoka pembeni. "Rejea hapo pa watoto."

Nikarejea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa umefahamu."

"Nimefahamu nini?"

"Umeuliza si wangelipiga tu goti. Ukipiga goti na moyo wako umekataa, unamwongopea Mola mbele ya watu. Goti hilo linamfaa nani?"

Nilirudi Ibra jioni ile na fimbo yangu imevunjika mkononi, na nilipofika Sinaw nikaegesha gari nikanunua kahawa, nikakaa nayo mpaka ikapoa. Miaka yote ile nilikuwa nikiona kukaa kwake kama ubaridi, kwamba mwenzetu hana mapenzi kama yetu. Haikunijia kamwe kwamba huenda siku ile, watu wote wakimtazama kutoka juu, kukaa kule kulimgharimu zaidi kuliko kusimama kwetu sote. Nilimwonea fahari mdogo wangu, na nikaona haya kidogo kwa fahari hiyo, maana mama alikuwa amenituma nikamlete, nami sasa nilikuwa naelewa kwa nini haji.

Wiki iliyofuata binti alikuwa amerudi nyuma katika historia yake. Alisema mwalimu amemkosoa, kwamba anauhurumia upande mmoja tu. Kumbe kabla ya yote yale mambo yalikuwa kinyume. Kulikuwa na vita, mfalme akashindwa, akakatwa kichwa, na walioshika nchi walikuwa ndio hao hao wasiotaka magoti wala majoho. Wakakipiga marufuku kitabu cha sala. Mapadri wa Kianglikana ndio waliofukuzwa safari hiyo, na wao wakatoka na mikokoteni. Mtu akifa hakuruhusiwa kusomewa maneno waliyosomewa wazee wake.

"Kwa hiyo kila mmoja kamfukuza mwenzake," mtoto alisema. "Mimi niandike nani ana haki?"

"Andika kilichotokea," nilimwambia. "Endelea kusoma."

Akasoma, mimi nikimfasiria pale panapomshinda. Wako mapadri waliozihifadhi sala zile moyoni. Wakiitwa kubatiza mtoto au kuzika maiti walikwenda mikono mitupu, bila kitabu, wakayasema yale maneno yaliyokatazwa kana kwamba yanawatoka papo hapo. Na wasikilizaji waliokichukia kitabu wakawasifu, wasijue kwamba wanakisikia kile kile walichokipiga marufuku.

Mimi nilicheka. Binti naye akacheka. Kisha nikaona mdogo wangu ameweka simu mezani.

"Kwa siri?" aliuliza.

"Kwa siri," nilimjibu. "Wangelifanyaje?"

Alikaa akitazama zulia. Nilidhani anatafuta hoja, maana namjua, na nikajiweka tayari. Alipozungumza alizungumza polepole.

"Mama alipokaa kwangu, ule mwaka aliotibiwa macho. Kila alfajiri namsikia ananong'ona chumbani. Nikiingia ananyamaza. Namuuliza, mama unaumwa? Ananambia hapana, zen, mzima tu, alhamdulillahi. Miye nikaona ananificha maumivu. Nikampeleka tena hospitali, dada. Nikawaambia wamwangalie vizuri, mama yangu anaugulia peke yake asubuhi. Wakampima kila kitu. Wakasema hana kitu."

Binti alikuwa ameacha kuandika.

"Ulikuwa mwezi gani?" nilimuuliza, ingawa nilishajua.

"Mfungo Sita," alisema. "Mwaka ule maulidi hayakusomwa Ibra, kumbe alikuwa akiyasoma kwangu." Akainuka akatoka uani, na hakurudi mpaka chakula kilipokuwa mezani. Hakuna aliyelitaja tena, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sikuongeza neno. Sikumwambia hata kwamba mama anamtaka. Nilipokuwa naingia garini ndipo aliponiuliza maulidi ni lini, nikamwambia siku, akaitikia kwa kichwa.

Siku yenyewe maulidi yaliwekwa baada ya alasiri. Mama alikataa wageni wengi, akataka watu wa nyumbani tu na jirani mmoja mzee wa kutusomea. Wanaume walikaa ukumbini, wanawake chumba cha ndani, na kiti cha mama kikawekwa mlangoni hasa, awaone wote. Nilikuwa nimemvisha kanga mpya. Tangu alipotoka hospitali miguu yake ilikuwa haimbebi, na asubuhi ile aliniagiza, "Wakisimama, nishikeni na mimi nisimame. Sijapata kukaa pale tangu mtoto." Nikamwahidi kwamba mimi na mjukuu wake, yule binti, tutamshika huku na huku.

Mdogo wangu alifika na mchele wake. Aliupeleka jikoni, akarudi, akambusu mama kichwani kama kawaida. Akavua makubadhi, akaingia, akakaa chini kwenye zulia, miguuni kwa mama. Mama alimtazama utosi.

Maulidi yakaanza. Mzee alisoma kwa yale mahadhi ya kwetu, sisi tukiitikia, na kila ukurasa uliogeuzwa mimi niliuhesabu, kwa sababu nilijua kinachokuja na yeye alikijua. Akisimama atakuwa amepiga lile goti la uongo alilonieleza mwenyewe. Akitoka, mama atakuwa amemuona akitoka kwa mara ya mwisho. Sikujua nimuombee lipi.

Mzee akafika pale. Watu wakasimama, nguo zikavuma, marashi yakaanza kunyunyizwa. Mdogo wangu hakusimama. Alikuwa ameinamisha kichwa, shingo imelowa jasho, mikono juu ya magoti. Hakutoka pia. Shemeji zake, ndugu wa marehemu mume wangu, walimwona, na hakuna aliyefungua mdomo.

Nikamwendea mama, nikapitisha mkono chini ya kwapa lake kumwinua kama nilivyoahidi. Akanizuia.

"Niwache," alisema. "Nakaa na mwanangu."

Nikabaki nimesimama nyuma ya kiti chake. Nimeona mambo katika umri huu, nimehama nchi, nimezika mume, lakini sijapata kuhisi nilichokihisi mlangoni pale, watu wote wamesimama na wao wawili wamekaa. Sikuweza kusema nani kati yetu ndiye aliyekuwa katika heshima. Nililia wazi wazi, na sikujificha.

Mama akaanza kusoma pamoja na mzee, maneno yote, bila kitabu. Alisoma kwa sauti, mkono wake juu ya kichwa cha mwanawe, naye akautuliza utosi wake chini ya mkono huo mpaka mwisho.